Kumhesabia Pamba Pumzi

Hapa Walukuba, mjini Jinja, ukisema mbwa wako anaumwa moyo, watu hukutazama mara mbili. Maradhi ya moyo tunayajua kwa wazee wenye presha, si kwa mbwa. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayelala macho akimsikiliza mbwa wake akihema gizani, hasa huku kwetu Uganda ambako dawa nyingine husafiri mbali kabla hazijakufikia. Ugonjwa huu hauponi. Lakini kati ya mbwa anayezama kwa maji ya mapafu yake mwenyewe na mbwa anayelala usingizi mzuri kwa miezi mingi, kuna kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haifanywi na daktari. Inafanywa na yule anayeishi na mbwa.

Pamba alikuwa mchanganyiko wa Spitz wa Kijapani, ile aina nyeupe yenye manyoya mengi inayopendwa sana Kampala na hapa Jinja. Mume wangu, Baba Zena, alimleta akiwa bado ananyonya vidole vya watu. Mimi ni fundi cherehani na nashonea nyumbani, kwa hiyo mchana kutwa alilala chini ya meza ya mashine, karibu na miguu yangu. Usiku alilinda uwanja, na wezi wa kuku waliijua sauti yake. Zena alijifunza kutembea akimshika mgongoni.

Alipofika miaka tisa alianza kukohoa usiku. Kikohozi kikavu, cha kutaka kutapika kitu kisichotoka. Kila aliyekisikia alikuwa na dawa yake: huyu anasema minyoo, yule anasema baridi ya ziwani, na jirani mmoja akanishauri nimnyweshe mafuta ya kupikia. Nilikataa mafuta, na naomba na wewe ukatae. Mafuta yakimiminwa kwa nguvu kwenye mdomo wa mnyama anayekohoa yanaweza kuteremkia mapafuni, na hapo unakuwa na magonjwa mawili.

Musawo wetu, ndivyo tunavyomwita daktari hapa, awe wa watu au wa wanyama, alisomea Makerere, na siku zake nyingi humalizikia kwa ng'ombe wenye ndigana. Lakini ni mtu wa kusikiliza. Alianza na damu, kwa sababu hapa kwetu mbwa akilegea na fizi zake zikapauka, jambo la kwanza kufikiria ni homa ya kupe. Na mbwa akikohoa, ni lazima kuuliza pia kuhusu minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu. Damu ilikuwa safi. Ndipo akaweka kifaa chake kifuani, upande wa kushoto, akakaa nacho kimya muda mrefu, kisha akanivisha mimi masikioni. Kati ya pigo na pigo palikuwa na sauti ya kitu kinachovuja. "Mama Zena," akasema, "moyo huu unarudisha damu nyuma. Mpeleke Kampala apigwe picha."

Takisi haibebi mbwa, kwa hiyo tulikodi gari la jirani. Musawo alisisitiza tuondoke alfajiri. Joto humfanya mbwa aheme kwa ulimi nje, na kuhema huko ni kazi ambayo moyo mgonjwa hauna nguvu ya kuifanya. Tulivuka daraja jipya la Nile, lile la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018, kukiwa bado na ukungu juu ya maji, tukapita msitu wa Mabira na madirisha wazi, yeye amejilaza juu ya taulo lililoloweshwa. Tulipokwama kwenye foleni ya Mukono jua lilikuwa halijapata nguvu. Kama ungemwona siku hiyo usingedhani ni mgonjwa. Mbwa huficha.

Eksirei ilionyesha moyo uliotanuka hadi kuisukuma njia ya hewa juu, na ultrasaundi ikaonyesha kwa nini. Moyo wa mbwa una vyumba vinne. Upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, kuna mlango unaofunguka damu ipite na kujifunga isirudi. Wataalamu wanauita vali ya mitrali. Kwa mbwa wadogo wanaozeeka, mlango huo hunenepa na kingo zake hujikunja, kama pindo la nguo lililovutwa uzi, ukashindwa kufunga sawasawa. Moyo ukibana, damu nyingine inakwenda mwilini inakotakiwa, na nyingine inarudi ilikotoka. Moyo unajitahidi kufidia, unatanuka, na mwishowe mgandamizo unarudi mpaka kwenye mapafu na maji yanaanza kuvuja humo. Kwa mbwa wadogo huu ndio ugonjwa wa moyo unaoonekana zaidi ya wote. Mbwa wakubwa kama Dobermann wana wao mwingine, ambapo misuli yenyewe ya moyo hulegea.

Madaktari huipima safari hii kwa herufi. A ni mbwa ambaye aina yake iko hatarini lakini moyo bado mzima. B ni mwenye sauti ile ya kuvuja lakini haonyeshi dalili yoyote. C ni ambaye maji yameshaingia. D ni ambaye dawa za kawaida hazimtoshi tena. Pamba alikuwa C. Nikauliza swali ambalo kila mtu huuliza, amebakiza muda gani, na daktari wa Kampala akanijibu bila kuzunguka: wengi waliofika hapo huishi miezi, baadhi hupita mwaka, na jinsi dawa zinavyofuatwa nyumbani ina uzito mkubwa.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna jambo linaloniuma kwa ajili ya mbwa wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mbwa wa daraja la B ambao moyo umeshatanuka lakini hawajaanza kuumwa, wakianzishiwa dawa iitwayo pimobendani, hukaa kwa wastani karibu miezi 15 zaidi kabla ya moyo kushindwa. Miezi 15 kwa mbwa ni sehemu kubwa ya maisha. Na ugunduzi wake unaanza na kifaa cha kusikilizia tu. Kila mwaka tunapeleka mbwa kuchanjwa kichaa. Siku hiyo hiyo mwombe musawo asikilize kifua. Inachukua dakika chache. Mbwa mdogo aliyepita miaka sita asitoke pale bila kusikilizwa.

Tulirudi Jinja tumeandikiwa dawa nne. Furosemaidi, ya kutoa maji mwilini kupitia mkojo. Enalaprili, ya kulegeza mishipa ili moyo usukume kwa urahisi. Spironolaktoni, inayosaidiana na hizo mbili. Hizi zote ni dawa za watu pia, na famasi za mjini zinazo, ila kiasi lazima kipigwe hesabu na daktari kwa uzito wa mbwa. Kidonge cha mtu mzima kwa mbwa mdogo ni hatari. Ya nne ndiyo pimobendani, inayoupa moyo nguvu ya kubana na wakati huo huo kufungua mishipa. Hiyo kwetu ilikuwa taabu kuipata. Baba Zena anaendesha lori la Mombasa hadi Kampala, kwa hiyo alipopita Nairobi aliinunua kwa karatasi ya daktari. Safari moja malori yalilala mpakani Malaba kwenye foleni hadi nikaona chini ya kopo. Baada ya hapo tuliweka sheria: akiba haishuki chini ya mwezi mmoja. Dawa za moyo haziachwi ghafla. Ukikata furosemaidi kwa sababu mbwa "amepata nafuu", nafuu yenyewe ilikuwa ni furosemaidi.

Pimobendani nilimpa saa moja kabla ya chakula, tumbo likiwa tupu, asubuhi na jioni, zikipishana kama saa kumi na mbili. Adhana ya alfajiri ilikuwa kengele yangu ya asubuhi, na ya magharibi ya jioni. Huku karibu na mstari wa ikweta jua halitubadilishii saa sana, kwa hiyo mpango huo haukuwahi kuniangusha. Vidonge vingine nilivificha kwenye ini la kuchemsha au ndizi mbivu. Alipoanza kushtukia ini, nilimpa kipande kitupu kwanza, cha pili chenye dawa, na cha tatu kitupu nikikishika mbele ya pua yake ili akimbilie kumeza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko dawa zenyewe: kuhesabu pumzi.

Daktari wa Kampala alinifundisha hivi. Subiri mbwa alale usingizi mzito. Tazama ubavu. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa nusu dakika ukitumia saa ya simu, kisha zidisha mara mbili. Usihesabu akiwa anaota na miguu inachezacheza, wala akiwa anahema kwa joto, wala akiwa ametoka kubweka. Mbwa aliyelala, awe mzima au awe mgonjwa ambaye dawa zimemshika, hubaki chini ya pumzi 30 kwa dakika. Pamba akiwa salama alikuwa kati ya 18 na 24. Ikipita 30 na ukirudia kuhesabu baada ya muda ikabaki hapo, piga simu. Ikipita 40, usingoje kukuche.

Niliandika nyuma ya daftari langu la vipimo vya wateja, mbele mabega na viuno vya watu, nyuma pumzi za Pamba. Kila usiku namba moja, na pembeni neno moja au mawili: amekula, amekataa, amekohoa, mvua. Baada ya wiki chache niliona ninachokitafuta bila kukitafuta. Namba hazirukii juu kutoka popote. Zinapanda 22, 25, 27, 29, na mbwa bado anatikisa mkia mchana na kila mtu anakwambia amepona. Musawo akitajiwa zile namba kwa simu alikuwa na kitu cha kushika. Aliongeza nusu kidonge, na baada ya siku mbili tunarudi 21. Ningemwambia "naona hajisikii vizuri" asingekuwa na la kufanya.

Kikohozi hakiwezi kukupa taarifa hiyo. Moyo uliotanuka unaigandamiza njia ya hewa, kwa hiyo mbwa anaweza kukohoa usiku kucha na mapafu yake yakawa makavu kabisa, na mwingine akajaa maji bila kukohoa hata mara moja. Watu wa nyumbani walikuwa wakiogopa sauti. Mimi nilijifunza kuogopa kasi ya ubavu.

Usiku wa hatari ulikuja na radi kutoka ziwani, zile dhoruba za Jinja zinazotikisa mabati. Stima ilikatika. Nilimkuta ameketi, hataki kulala chini, viwiko vimetanuliwa, shingo imenyooshwa mbele. Mbwa akiketi hivyo anatafutia mapafu nafasi. Nilihesabu kwa tochi ya simu, ikaja 54, na ulimi ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Zena akaanza kulia, nikamtuma afungue madirisha yote, na nadhani kupewa kazi kulimtuliza yeye kwanza.

Tulikuwa tumekwisha kuandikiana na musawo mapema nini kifanyike. Karatasi ilikuwa imebandikwa ndani ya kabati la vyombo: dozi ya ziada ya furosemaidi ni kiasi gani, na irudiwe baada ya muda gani. Nilimpa hiyo kwanza, ndipo nikapiga simu. Sikumbeba mikononi, kwa sababu kumshika tumboni kunabana kifua. Sikumlazimisha maji wala chakula. Musawo alikuja na pikipiki, koti linachuruzika, akampiga sindano ya dawa ile ile. Kabla ya saa kuisha Pamba alikojoa sana, akakojoa tena, na kila alipokojoa ubavu ulipungua kasi. Alfajiri alikuwa 34, amelala ubavuni, nami nikakaa kwenye mkeka kando yake nikiwa na nguo za arusi za watu ambazo sijazigusa.

Nimeulizwa kama maji ya kunywa yapunguzwe, kwa kuwa ugonjwa ni wa maji. Hapana kabisa. Dawa inamkausha, akinyimwa maji figo zinaumia. Bakuli lilikuwa limejaa mchana na usiku, na kwa sababu hiyo alihitaji kutoka nje hata saa nane za usiku. Nilikata magunia nikayashonea kitambaa juu, nikayatandaza karibu na mlango kwa usiku wa mvua. Kufua magunia kila asubuhi ilikuwa sehemu ya maradhi, kama zilivyo dawa.

Chakula. Mbwa wengi hapa wanakula posho, yaani ugali, na mukene, yaani dagaa, na mukene wa Masese ni mzuri, lakini nunua ule uliokaushwa kwa jua bila chumvi na uuchambue mchanga. Chumvi hushikilia maji mwilini na kuharibu kazi ya dawa, kwa hiyo mabaki ya mezani yaliisha: hakuna mchuzi wenye viungo vya unga vya dukani, hakuna nyama choma ya kununua barabarani. Posho bila chumvi, mukene wa kuchemsha, yai, ini mara moja moja. Kuna waliosema mgonjwa wa moyo apunguziwe nyama. Kwa mbwa si hivyo, isipokuwa figo zimeshaharibika na daktari akasema. Moyo ukishindwa, mwili unaanza kula misuli yake, na nilianza kuuhisi uti wa mgongo wa Pamba chini ya manyoya kabla jicho halijaona kwamba amekonda. Nilimlisha kidogo kidogo mara nne, chakula kikiwa na uvuguvugu ili kinukie.

Na mbwa wa moyo akichechemea, usimpe diklofenaki wala ibuprofeni inayouzwa kila duka. Pamoja na furosemaidi na enalaprili, dawa hizo zinaweza kuua figo kwa siku chache. Hilo naliweka peke yake kwa sababu nimeshaona mtu akitaka kufanya hivyo kwa nia njema.

Mkanda wa shingoni niliutupa. Ukivutwa unaamsha kikohozi. Nilimshonea wa kifuani kwa mkanda wa usalama wa gari bovu, ukapita nyuma ya miguu ya mbele bila kugusa koo. Tulitembea hadi kwenye kibanda cha kinyozi na kurudi, asubuhi tu, yeye akichagua mwendo.

Kuzimia ndiko kulikowatisha watoto. Zena akitoka shule Pamba alikimbia hadi getini, na siku moja akaanguka pale pale, miguu imekakamaa, kisha baada ya muda mfupi akainuka na kutazama huku na huku. Musawo alieleza kwamba furaha inapandisha mahitaji ya damu ghafla na moyo ule hauwezi kuyafikia, ubongo unakosa damu kidogo. Tukabadilisha salamu za nyumba. Zena aliingia kwa mlango wa jikoni, akavua viatu, akaja kuketi sakafuni bila kumwita jina, na Pamba akamfuata kwa miguu yake taratibu. Msichana wa darasa la tano akajifunza kuzuia furaha yake kwa ajili ya mwingine. Nilimtazama nikaona amekua.

Si majirani wote waliokubaliana na sisi. Mbwa wa vidonge, na karo inadaiwa? Sikuwalaumu, hili ni swali la haki kwenye nyumba ya fundi. Tulikaa mimi na Baba Zena tukaamua mapema kitu gani hakitaguswa: karo, kodi, chakula. Kilichobaki kilikuwa sukari ya ziada, nguo mpya za sikukuu, na kazi za usiku nilizoongeza. Msimamo wangu ni kwamba mnyama aliyelinda nyumba yako miaka tisa ana sehemu katika nyumba hiyo. Huko Gulu kuna mradi unaowapatia mbwa watu walioumizwa na vita ya kaskazini mwa Uganda ili wapate utulivu wa moyo, na hakuna anayeuliza huko mbwa ana faida gani.

Hajati wa nyumba ya pili hamgusi mbwa, anatunza udhu wake. Lakini Idi ya kuchinja alimtuma mjukuu wake na sahani ya nyama isiyotiwa chumvi, ameitenga kabla ya kupika. Nilipokwenda kumshukuru akanikumbusha yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akampandishia mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. "Wewe mpe maji yake, mwanangu," akasema, "na maneno ya watu yaache barabarani."

Kadiri muda ulivyokwenda, moyo na figo vilianza kuvutana. Furosemaidi ikiongezwa mapafu yanakauka na figo zinalalamika. Ikipunguzwa figo zinapumua na mapafu yanajaa. Ndiyo maana damu ilipimwa kila baada ya kubadilisha dozi, kuangalia figo na potasiamu. Nilikuwa nimesikia ndizi zina potasiamu, na furosemaidi inaipoteza, nikataka kumzidishia matoke. Musawo akanieleza kwamba enalaprili na spironolaktoni zinaizuia isitoke, kwa hiyo bila kipimo huwezi kujua imepungua au imezidi, na ikizidi moyo unaweza kusimama. Ikafika siku akasema wazi: tukubali figo zichoke kidogo, kwa sababu mbwa haumii kwa namba ya karatasi, anaumia kwa kukosa hewa. Nilikubaliana naye na bado nakubaliana.

Tumbo likaanza kujaa. Upande wa kulia wa moyo nao ulikuwa umeelemewa, na maji yakawa yanakusanyika tumboni. Musawo aliyatoa kwa sindano, Pamba akala jioni ile kwa hamu ambayo hatukuwa tumeiona siku nyingi. Yakarudi. Akayatoa tena, yakarudi upesi zaidi. Daraja D halikuhitaji kutangazwa.

Kabla hatujafika huko tulikuwa tumekaa sote watatu tukaandika mambo ambayo yanamfanya Pamba awe Pamba. Kumfuata Zena. Kula ini. Kulala ubavuni amejinyoosha. Tulikubaliana kwamba mawili yakiondoka na dawa zikashindwa kuyarudisha, hatutamshikilia kwa sababu yetu. Nafurahi kwamba tuliandika wakati bado tuna akili zilizotulia. Wiki ya mwisho aliketi usiku wote kwa kuogopa kulala, kichwa kinaanguka kwa usingizi kisha anashtuka, namba zangu zinasoma 46, 48, 44 hata baada ya dozi ya ziada. Akanusa ini akageuza uso.

Musawo alikuja nyumbani asubuhi, nje kwenye baraza, mahali alipopazoea. Kwanza alimpa sindano ya usingizi. Pamba akalala ubavuni kwa mara ya kwanza baada ya siku hizo, kichwa juu ya paja langu. Ya pili hakuijua. Baba Zena alimchimbia nyuma ya jiko, na Hajati akasimama upande wake wa ua mpaka tukamaliza. Vidonge vya pimobendani vilivyobaki nilimpa musawo. Alikuwa na mbwa mwingine mgonjwa Bugembe, ambaye mtu anayemfuga alikuwa hana njia ya Nairobi.

Baba Zena mpaka leo anashikilia kwamba tungengoja angalau wiki moja. Anasema asubuhi ile Pamba alimtikisia mkia alipoingia getini, na ni kweli, nilimwona. Lakini yeye alikuwa ametoka safarini usiku huo huo. Mimi nilikuwa na daftari. Nimemwonyesha ukurasa, amesoma namba zote, akasema anazielewa, na bado anasema wiki moja. Tumeacha kubishana. Anaona mkia, mimi naona usiku uliotangulia ule mkia, na katika jambo hili nasimama na usiku.